Barua ya wazi kwa wakubwa wa mpira: mchezaji akiugua, hesabu ya mechi isimame

Wakubwa shikamooni.

Naandika kwenu mlioko Zurich kwenye ofisi za FIFA, na nyie wa FA na Premier League kule England, na wenye timu wote mnaopenda kuchomeka kwenye mkataba kile kipengele cha ukianza mechi kadhaa unaongezewa mwaka. Najua barua ya Kiswahili haina haraka ya kufika mezani kwenu, ila pesa za haki za matangazo mnazivuna mpaka huku kwetu, ving'amuzi tunalipia kila mwezi na vibanda umiza vinajaa kila Jumamosi, kwa hiyo na maneno yetu yapokeeni hivyo hivyo.

Nina mtu mmoja nataka kumzungumzia, Jonás Gutiérrez. Vijana wa juzi juzi wengi hawamjui, wao winga ni yule anayekata ndani, anapiga golini, alafu anasimama kiuno kusubiri mpira umfuate tena. Huyu Muargentina alikuwa winga wa jasho. Kazaliwa Julai 1983 Sáenz Peña, pale pale ubavuni mwa jiji la Buenos Aires, akakulia Vélez Sarsfield, akabeba nao ubingwa wa ligi ya Argentina, ule wa Clausura 2005, akaenda Mallorca kule Hispania, na 2008 akatua Newcastle. Kwao walimwita Galgo, yule mbwa mwembamba wa mbio, na ukimwangalia na zile nywele ndefu anavyotambaa na chaki unaona jina limempata mwenyewe. Ila mbio zake nyingi zilikuwa za kurudi nyuma. Beki wa kushoto akipanda yeye ndo anabaki kuziba, mpira ukipotea upande wa pili wa uwanja yeye keshaanza kushuka kabla kocha hajapiga kelele, alafu akiupata anaubeba nusu uwanja kwa chenga za kulazimisha tu, anapigwa buti, anaanguka, faulo, timu inapumua. Ukiwa umewahi kucheza hata ndondo unajua thamani ya mtu wa namna hiyo dakika ya 80 mnaongoza moja bila.

Magoli hayo tusidanganyane, hakuwa nayo. Ndo yule aliyekuwa akifunga anavaa kinyago cha Spider-Man, na kinyago chenyewe Newcastle kilikaa muda mrefu bila kazi maana kaja 2008 na goli lake la kwanza kalipata Februari 2010, tena daraja la chini. Lakini Maradona, ambaye kuhusu mpira nadhani tunakubaliana alikuwa anajua jambo moja au mawili, alipokuwa kocha wa Argentina alitamka hadharani kwamba timu yake ni Mascherano, Messi, Jonás na wengine wanane. Hakuwataja wengine wote wale, kamtaja Jonás! Na Kombe la Dunia 2010 hapa hapa Afrika akampanga fulbeki wa kulia, yaani winga wa kushoto kahamishiwa beki ya kulia kwenye mashindano makubwa kuliko yote, pale Ellis Park Johannesburg dhidi ya Nigeria vuvuzela zinalia mpaka hujisikii. Akala njano siku hiyo, akala nyingine na Korea Kusini, ya Ugiriki akaikosa. Kwa mtu asiye beki mi naona alijitahidi sana.

Newcastle walishuka daraja Mei 2009. Mnakumbuka watu walivyotawanyika, Michael Owen huyo Man United, Obafemi Martins huyo Wolfsburg, Bassong kaenda Tottenham. Jonás kabaki, yeye na Muargentina mwenzake Coloccini, wakacheza kwenye baridi ya viwanja vya daraja la pili, wakarudi ligi kuu 2010 wakiwa mabingwa wa lile daraja. Msimu wa 2011/12 wakamaliza nafasi ya 5, ile Newcastle tamu ya Demba Ba na Papiss Cissé, na Cabaye na marehemu Cheick Tioté katikati, na kushoto kule anayezibia watu matundu ni yeye. Magazeti yaliandika magoli ya Wasenegali, na ni haki yao, kwanza lile la Cissé pale Chelsea mi mpaka leo nikilikumbuka natikisa kichwa. Ila hao wote walikuwa wanashambulia kwa raha kwa sababu kuna mtu anawalindia mgongo.

Sasa tuingie kwenye lililonileta. Mwaka 2011 Jonás alimwaga wino mkataba mpya wa mpaka 2015, na ndani yake kuna kipengele kwamba akianza mechi 80 za Premier League anaongezewa mwaka mmoja. Nyie mnakiona cha kawaida, na kiukweli kwenye makaratasi ni cha kawaida. Misimu minne ni mechi 152, wewe anza 80, ni nusu na kidogo juu. Kwa mtu ambaye misimu miwili ya kwanza ya huo mkataba alikuwa anaanza karibu kila wiki, hilo lilikuwa suala la muda tu. Angalieni vizuri lakini neno lililopo pale, ni kuanza. Ukiingia sabu ukakimbia dakika 40 haihesabiki, ukitolewa kwa mkopo haihesabiki maana huko unaichezea timu nyingine, ukilala kitandani hospitali ndo kabisa. Na anayeamua nani aanze ni mwajiriwa wa yule yule atakayelipa huo mwaka wa nyongeza. Mmeona mlango ulipo?

Mei 2013, mechi ya mwisho ya msimu, Newcastle na Arsenal, Jonás akagongana na Bacary Sagna akaumia sehemu za siri. Mambo ya mpira, unajikunja, unapuliziwa dawa, unaendelea. Maumivu hayakuisha. Kaenda likizo yapo, karudi mazoezini yapo, na uvimbe upo, mpaka walipokuja kumpiga utrasaundi ndo ikaonekana kwenye korodani kuna uvimbe mbaya. Kansa. Oktoba 2013 akaenda kwao Argentina akafanyiwa upasuaji, korodani ya kushoto ikaondolewa. Miaka 30, winga wa ligi kuu, na ugonjwa ambao wanaume tunaona aibu hata kumtajia daktari. (Hapa naomba kuchepuka kidogo, nyie mnaosoma hii mkiwa na miaka 20 na kitu, kansa ya korodani haisubiri uzee, inawapenda zaidi vijana, ukisikia kigumu ambacho hakikuwepo nenda kapime, usiseme nilipigwa na mpira itaisha, Jonás angesema hivyo tungekuwa tunaongea mengine.)

Akarudi England kabla mwaka haujaisha. Mtu ametoka kutolewa kansa mwilini, anarudi kazini, na Desemba hiyo hiyo kocha wake Alan Pardew anamwambia hayupo kwenye mipango, atafute timu. Januari 2014 akapelekwa Norwich kwa mkopo. Huko hakucheza sana, na Norwich wenyewe wakashuka. Akarudi, bado hatakiwi, alafu vipimo vikaonyesha kansa imerudi kwenye tezi, safari hii inataka kemo, zile dawa kali za kuua kansa. Septemba 2014 akaitangazia dunia mwenyewe kwenye televisheni ya kwao. Zile nywele zikaondoka zote. Novemba madaktari wakamwambia umepona nenda nyumbani.

We jiulize, kwa muda huo wote ile hesabu ya 80 ilikuwa inafanya nini? Ilikuwa imekaa pale pale inamsubiri. Hakuna mahali kwenye mkataba panaposema ukipigwa kisu cha hospitali tunasimamisha saa. Miezi ya kemo ililiwa kama miezi ya uvivu.

Machi 4, 2015, Newcastle wanacheza na Man United usiku pale St James' Park. Wengi mnaikumbuka ile mechi kwa ule upuuzi wa Jonny Evans na Cissé kutemeana mate, mi naikumbuka kwa sababu kipindi cha pili aliinuka Jonás kutoka benchi. Coloccini akavua kitambaa cha unahodha akamfunga mkononi. Kwenye kibanda tulichokuwemo hakuna hata shabiki mmoja wa Newcastle, nusu Man U nusu watu wa kuwaombea Man U mabaya, lakini watu walipiga makofi jamani, mpaka yule mzee anayekusanya hela mlangoni akaja kuuliza nani kafunga. Young akaja kufunga dakika za mwisho Man U wakashinda. Na kwenye hesabu ya mkataba usiku ule wote ni sifuri, kaingia sabu.

Pardew wakati huo keshaondoka kwenda Crystal Palace, timu iko kwa John Carver, na ikaanza kuporomoka, wakapoteza mechi nane mfululizo. Ikafika Mei 24, siku ya mwisho, West Ham nyumbani, mpira mgumu, mashabiki wana hasira na mwenye timu Mike Ashley, Hull City wako nyuma kwa karibu wanasubiri Newcastle iteleze. Dakika ya 54 Jonás katuliza mpira kushoto, kamwaga jalo, Sissoko kapanda hewani, kichwa, goli. Bao moja siku kama hiyo ni kamba nyembamba, kila mtu anajua. Dakika ya 85 huyo huyo, aliyetoka kemo miezi michache iliyopita, mpira umemfika nje ya boksi, kapiga, nyavu. Mtu asiyejua kufunga! Uwanja ulilipuka, na sidhani kama kuna aliyekuwa anawaza pointi sekunde ile.

Wajuaji watasema hata wangefungwa wasingeshuka maana Hull walitoka suluhu na Man United wakaishia pointi 35 na Newcastle wakafikisha 39. Sawa, kalamu mkononi baada ya mechi kila mtu profesa. Dakika ya 54 hakuna aliyekuwa anajua Hull watatoka vipi, na kubaki ligi kuu ni mamilioni kwa mamilioni ya pauni, hilo nyie watu wa pesa mnalijua kuliko mimi.

Alichopewa baada ya hapo ndo kimefanya niandike. Siku chache tu baadaye Carver alimpigia simu Ryan Taylor, mchezaji mwingine aliyesota na goti miaka na miaka, akamwambia mkataba wako hauongezwi, alafu akamuuliza Jonás yuko hapo, mpe simu. Jonás akapewa simu ya mwenzake, akaambiwa na yeye ndo hivyo hivyo. Basi. Miaka saba, kushuka daraja na kupanda, kansa mara mbili, goli la kubakisha timu, na taarifa imekuja kwa simu ya mtu mwingine kama unavyomwagiza mtu mkaa. Mi Carver simlaumu sana, naye alitemwa Juni hiyo hiyo. Naona aliachiwa kazi ambayo wenye ofisi hawakutaka kuifanya kwa midomo yao.

Jonás hakunyamaza. Akaipeleka klabu kwenye mahakama ya kazi pale North Shields. Na hapa England niwasifu kidogo, sheria yao ya usawa ya 2010 inasema mtu mwenye kansa analindwa kama mtu mwenye ulemavu kuanzia siku aliyogundulika, hahitaji kusubiri mpaka ashindwe kutembea. Klabu wakajitetea kwamba maamuzi yalikuwa ya kimpira tu, kiwango kimeshuka, kocha ana watu wengine. Aprili 2016 hukumu ikatoka. Si kila alichodai alipewa, mengine yalikataliwa, lakini kwenye lile kubwa mahakama haikukubali hadithi ya mambo ya kimpira, ikaona alibaguliwa kwa sababu ya ugonjwa wake na kwamba aliwekwa pembeni ili asifikishe zile mechi za kumwongezea mkataba. Huku kwetu tuna neno moja tu la mchezo wa aina hiyo, figisu.

Newcastle ya sasa ina wenye wengine tangu Oktoba 2021, imebeba na Kombe la Ligi Machi 2025 mbele ya Liverpool, sina ugomvi nayo na wala siwaombi hao walipe dhambi za waliopita. Shida yangu ni kwamba kile kipengele kipo. Kipo kwenye mikataba leo, England, Hispania, Uturuki, kila mahali, na siku mwingine akiugua atakumbana na mlango ule ule. Na si kila nchi ina mahakama kama ya North Shields, na si kila mchezaji ana hela ya mwanasheria.

Naomba msiniambie klabu zote ziko hivyo maana haziko. Chukueni winga mwingine wa Amerika Kusini, wa jasho vile vile, Antonio Valencia wa Ecuador. Mtoto wa Lago Agrio kule msituni kwenye mafuta, alikuwa anaokota chupa tupu kusaidia nyumbani, kapitia El Nacional, Villarreal, Wigan, 2009 kaingia Man United mwaka ule ule Ronaldo kaondoka. Septemba 2010 mechi ya Rangers mguu ukavunjika vibaya, ile picha kifundo kimeangalia pembeni mi siwezi kuitazama mpaka leo. Karudi Machi 2011. Hakuna aliyemwambia tafuta timu. Kamaliza msimu na medali ya ubingwa, kaanza fainali ya Ulaya pale Wembley na Barcelona, msimu uliofuata wachezaji wenzake wakamchagua mchezaji bora wao, wakampa jezi namba 7 akaona haimkai akaomba arudishiwe 25 yake, mbio zikipungua wakamgeuza fulbeki, akawa nahodha, kaondoka 2019 baada ya miaka kumi. Mtu anayekimbia kwa ajili ya wengine akiumia ukimtunza anakulipa. Tofauti yake na Jonás ni nini? Mi nikiangalia naona mmoja alivunjika mfupa, kitu ambacho watu wa mpira wanakielewa, mwingine aliugua ugonjwa ambao ofisini watu wakiusikia wanaanza kupiga hesabu za bima.

Mtasema kocha lazima awe huru kupanga anayemtaka. Nakubali kabisa, tena mi ndo wa kwanza kukataa kocha kupangiwa timu na mahakama. Mtasema mtu akitoka kemo na miaka 31 inawezekana kweli kasi imepungua. Inawezekana. Jonás mwenyewe baada ya Newcastle alienda Deportivo La Coruña, akarudi kwao kucheza Defensa y Justicia na Independiente, hakuna aliyesema alikuwa yule wa 2011. Sasa basi kama kiwango kimeshuka kocha asimpange, ila ile hesabu ipunguzwe kulingana na muda aliougua. Nisemavyo ni hivi: kama kwa msimu alitakiwa kuanza mechi 20 kati ya 38, na daktari kathibitisha mechi 19 zimepita akiwa kwenye matibabu au anajirudisha, basi anadaiwa 10 kwenye zile 19 zilizobaki. Hesabu ya darasa la nne. Na kama kocha hamtaki kwenye hizo 10 kwa sababu za mpira, sawa, hapo mchezaji kakosa kihalali na mimi nitanyamaza.

FIFA msiniambie haiwezekani, maana mambo ya namna hii mnayo tayari kwenye kitabu chenu cha kanuni za hadhi na uhamisho wa wachezaji. Kanuni ya 18 inasema uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea mchezaji kufaulu vipimo vya afya. Vizuri sana, yaani mlango wa mbele mmeufunga, klabu haiwezi kusaini mtu alafu ikamkana kwa sababu ya afya. Mbona wa nyuma mmeuacha wazi? Kanuni ya 15 inampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba kama kacheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu, kwa hiyo kuhesabu mechi mnajua na mnajua kwamba kuwekwa benchi kuna uzito wa kisheria. Na tangu Januari 2021 mmewalinda akina dada, mchezaji mjamzito ana likizo ya angalau wiki 14 na theluthi mbili ya mshahara, na akirudi klabu inatakiwa imrudishe kazini. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland akaitumia hiyo dhidi ya klabu yake Lyon ya Ufaransa, mkamhukumia zaidi ya yuro 82,000 za mishahara aliyonyimwa akiwa mjamzito. Dunia haikuanguka, Lyon bado wapo. Kama mwili wa mama mjamzito mmeupatia kanuni, mwili wa mgonjwa wa kansa umekosa nini?

Alafu kuna hili la bima ambalo linanichekesha. Tangu 2012 mchezaji akiumia kwenye timu ya taifa akakaa nje zaidi ya siku 28, FIFA mnailipa klabu mshahara wake wa siku zinazozidi hapo. Klabu! Mnaionea huruma klabu kupoteza mtu kwa mwezi mmoja, na mchezaji anayepoteza mwaka mzima wa mkataba kwa sababu aliugua hana pa kushika.

Mtu atauliza wewe Mswahili unahangaika nini na Muargentina wa Newcastle. Ndugu zangu, watoto wetu wanaenda huko huko. Wanyama kacheza Southampton na Tottenham, Samatta Januari 2020 katua Aston Villa akafunga mpaka kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, na nyuma yao kuna foleni ya vijana wa miaka 18 na 19 wanaosaini Ubelgiji, Uturuki, Misri, Morocco, mkataba wa kurasa 20 kwa lugha ambayo baba yake haisomi, anayeutafsiri ni wakala ambaye naye analipwa siku wino ukikauka. Kijana anaonyeshwa mshahara na mahali pa kusaini. Kipengele cha mechi 80 kiko ukurasa wa 14 huko. Na nyie wa shirikisho zetu za huku Afrika Mashariki nanyi nawaweka kwenye hii barua, mikataba ya ligi zetu mnaipitisha nyie, kaeni na vyama vya wachezaji mweke hili kabla Zurich hawajaamka, hamhitaji ruhusa ya mtu.

Ninachoomba basi ni kanuni fupi. Mchezaji akigundulika na ugonjwa mkubwa, hesabu yoyote ya mechi kwenye mkataba wake isimame siku ile ile na ipunguzwe kwa uwiano, na siku za kupona azithibitishe daktari ambaye halipwi na klabu peke yake, achaguliwe na pande zote mbili. Asitolewe kwa mkopo akiwa kwenye matibabu au miezi sita baada yake mpaka ameridhia kwa maandishi mbele ya chama cha wachezaji, maana mkopo ndo njia rahisi ya kumla mtu mechi huku unaonekana unamsaidia. Na klabu ikiamua kutomwongezea, iwe ni barua yenye sababu, akabidhiwe mkononi na mtu mwenye cheo, wamekaa kwenye viti. Hiyo ya mwisho haina gharama hata senti tano.

Mkutano mkuu wa FIFA mnaufanya kila mwaka na kanuni mnazirekebisha mara kwa mara tunawaona, mnaongeza timu Kombe la Dunia, mnabadilisha madirisha ya usajili, mnaunda mashindano mapya. Hii ni aya moja. Wekeni kwenye ajenda inayofuata, na jina lake mkikosa iiteni hata kanuni ya namba 18, jezi aliyokuwa anavaa.

Wenu,
shabiki wa mawinga wanaokaba